Kipande cha Kartoni Ndani ya Injini

Masika wangu,

Kutoka hapa garage nakuona dirishani unapanga sketi zako ndani ya sanduku, shangazi yako anazitoa na kuzipanga upya, nanyi mnacheka. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari la vipuri liko magotini. Ni saa kumi za jioni, mvua imekatika. Usishangae mwandiko huu mbaya. Naandikia magotini, na mikono bado ina grisi.

Mambo ya blanketi, ya kusali, ya kufunga vizuri karatasi zako kwa ajili ya mpaka wa Kasindi, shangazi yako ameshakwambia mpaka umechoka. Mimi sitayarudia. Nina neno moja tu, na nimeshindwa kukwambia uso kwa uso. Asubuhi niliposema kichwa kinaniuma, nilikudanganya. Kichwa changu kilikuwa kizima kabisa.

Ngoja nianze na mambo kama ulivyoyaona wewe, halafu nikwambie nilivyoyaona mimi.

Wiki mbili zilizopita uliniambia, "Papa, mbele niende, uniachie nitengeneze ile gari ya mama." Pikapu ile ililala chini ya turubai nyuma ya garage tangu tulipomzika mama yako, miaka minne sasa. Hakuna aliyethubutu kuigusa, maana walijua nitakachosema. Nilitaka kukukatalia na wewe. Lakini unakwenda Uganda kusomea injini, na mafundi wote wa Butembo wananitania kwamba binti yangu atarudi kuniajiri, nami kwa siri nafurahi kama mjinga. Nikasema sawa, chukua.

Ukaosha carburateur. Ukabadilisha plagi zote sita. Ukaazima betri ya jirani. Jana pikapu ikawaka, na lile bomba langu la moshi, lililo wazi bila kitu cha kumeza kelele, likafukuza kuku wote wa mtaa. Ulipotoa mguu kwenye mafuta ili injini ijishikilie yenyewe, ile tunayoita ralenti, ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Kisha ikazima.

Mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa juu ya ndoo. Sikusimama hata.

"Ni carburateur," nilisema.

"Mais Papa, nilishaisafisha mara mbili."

"Safisha mara ya tatu."

Leo asubuhi ukaja na kitu kimefungwa ndani ya kitenge cha kijani. Nilikitambua kitenge kabla ya kukitambua kitu. Ulikuwa umekipata nyuma ya magunia ya mahindi: silencieux ya zamani ya pikapu, lile pipa la chini linalonyamazisha moshi, nililolikata mwenyewe na kulitupa. Sikujua kwamba mama yako alikwenda kuliokota. Sikujua kwamba alilifunga kwa kitenge chake na kuliweka. Nawe ukaniuliza swali ambalo mtu mzima kama mimi, fundi wa miaka ishirini na mitano, sijawahi kujiuliza.

"Papa, hii gari iligusiwaka wapi mara ya mwisho?"

"Kwa bomba ya moshi."

"Basi tuanzie pale."

Ukalirudisha pipa mahali pake kwa vibano na waya. Nikadhani unacheza. Nikakuuliza lina uhusiano gani na mtetemeko, na wewe ukasema, "Niko nataka nisikie. Na ile makelele yako, mutu hawezi kusikia kitu." Ukawasha. Kelele ikaisha. Na katika ule utulivu nikasikia kitu ambacho hakijawahi kuingia masikioni mwangu: fyuuu, nyembamba, kama filimbi ya mtoto iliyopasuka.

Ukachukua sindano ya hospitali, umetoa mwiba wake, umeijaza maji. Ukadondosha tone kwa tone pale collecteur inapoungana na injini, pale hewa inapoingia na moshi unapotoka. Silinda ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Ulipofika ya sita, kule nyuma karibu na kabini, maji yakanyonywa ndani. Fyuuu ikakatika. Na injini, Masika, ikatulia. Kwa muda wa kusema Baba Yetu nusu, pikapu ile ikanguruma laini kama siku tuliyoinunua. Kisha maji yakaisha na ikaanza tena kutetemeka.

"Umeona? Inavuta hewa ya bure hapa. Ni joint."

Ulingoja ipoe, ukafungua bolti, ukavuta collecteur, ukaitoa ile joint, kile kibao chembamba kinachokaa kati ya chuma na chuma ili pumzi isivuje. Nusu yake ilikuwa joint ya kweli. Nusu nyingine ilikuwa majivu, na kwenye kona chini ya bolti kilikuwa kimebaki kipande kisichoungua, chenye herufi za buluu. Ukakiinua kwenye mwanga ukacheka mpaka machozi.

"Papa, angalia! Mutu aliweka kartoni ya sabuni! Fundi gani huyu?"

Hapo ndipo nilipodai kichwa kinaniuma. Uliniuliza, "Papa, uko mugonjwa?" nami nikaenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta.

Fundi huyo ni mimi, mwanangu.

Nilikata kartoni ile kwa mkasi wa mama yako wa kushonea. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimeanza, vipuri vilikuja siku vilipotaka kuja, na sisi mafundi tulijifunza kutengeneza kitu kwa kisicho kitu. Kartoni ukiipaka grisi inaziba vizuri pampu ya maji. Kila fundi hapa amefanya hivyo. Lakini kwenye pampu ya maji hakuna moto, na pale nilipoiweka moto unapita usiku na mchana. Nilijua. Nilijiambia itashika mwezi mmoja, mpaka mfanyabiashara mmoja arudi kutoka Kampala na joint nzima.

Na ukiniuliza kwa nini nilifungua collecteur, hapo ndipo aibu inapozidi. Watu wote niliwaambia ni kwa ajili ya mlima wa Alimbongo, kwamba injini ikipumua wazi inapata nguvu. Uongo mtupu. Nilitaka kelele. Vijana wa mjini walikuwa na pikipiki zinazolia kama ndege, nami nilitaka Jumapili, watu wakitoka misa, pikapu yangu ipite na waseme, fundi kapita. Nikachomelea mabomba mapya kwa mirija ya maji, nikakata silencieux. Joint ilichanika nilipokuwa natoa collecteur, kwa sababu kwenye injini ile hewa na moshi vinatumia joint moja. Ilikuwa Jumamosi. Ningengoja, ningekosa Jumapili yangu. Nikakata kartoni.

Jumapili ile nilipita. Vijana walipiga miluzi. Mama yako alikuwa amekaa kando yangu na mkono sikioni, akasema, "Hii gari inalia kama mutu mwenye anagombana. Urudishe ile kitu." Nikamwambia wanawake hawajui injini. Nakwambia wewe neno hilo leo, wewe uliyenifundisha injini asubuhi hii kwa sindano ya maji, na natamani ardhi ipasuke.

Siku nne baadaye mtetemeko ulianza. Aliyeuona wa kwanza ni baba yako mdogo Kakule, maana ndiye aliyekuwa shoferi wetu wa Butembo na Beni. Alikuja hapa garage, akavua kofia mbele yangu, kaka yake mkubwa, akasema, "Yaya, gari inazimaka nikitosha muguu kwa mafuta."

Nikakaza skrubu ya ralenti. Ikazidi kutetemeka. Nikabadilisha plagi. Nikaosha carburateur. Kila kitu ambacho sikuwa nimekigusa nilikigusa, ila pale nilipokuwa nimegusa. Na ile fyuuu ilikuwa inaniita siku zote hizo, lakini kelele yangu mwenyewe ilikuwa imeifunika. Kakule akarudi mara ya pili. Safari hii gari lilikuwa limemzimikia mbele ya barrière, kile kizuizi cha askari barabarani, kwenye kamba, na starter ikakataa. Askari waliwashusha abiria wakasukuma, naye wakampiga fimbo za mgongo wakisema amefanya makusudi.

"Yaya, nitafanya je? Nikisimama pale, inazima."

Sikumwonyesha nimeshindwa. Mimi fundi mkubwa! Nikamwambia, "Ni muguu yako ndiyo eko na woga. Ukisikia inataka kuzima, kanyaga mafuta. Usiache."

Masika, soma tena maneno hayo. Ni mimi niliyesema. Nilisema nikiwa nafuta mikono kwa kitambaa, na mama yako alikuwa amesimama mlangoni na ndoo.

Sheria ya barrière uliijua hata wewe mtoto. Unapunguza mwendo toka mbali. Unasimama mbele ya kamba. Unaacha injini ilie chini kabisa, mikono juu ya usukani, na unangoja uitwe. Askari ana woga kuliko wewe, na gari linalonguruma mbele yake ni gari linalotaka kukata kamba. Siku ile mama yako alikuwa ametoka kununua mawese Beni. Kakule alisimama kwenye kamba. Injini ikaanza kutetemeka, inataka kufa. Akakumbuka fimbo. Akakumbuka neno langu. Akakanyaga. Na lile bomba langu la Jumapili likalia kwa sauti yake yote.

Askari walipiga risasi mara tatu. Kakule hakuguswa. Risasi moja ilipita mlango wa upande wa mama yako.

Yaliyofuata, mpaka maziko, ulikuwepo, sitayaandika.

Lakini kuna jambo ambalo ulikuwepo na hukuliona. Baada ya maziko wazee wa ukoo walikaa hapa uwanjani. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, ulikuwa unapitisha maji ya kunywa. Kakule alisimama mbele yao, macho yamevimba, akasema, "Yaya, gari ilikuwa inazima. Ndiyo maana nilikanyaga." Nami nikasimama nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Gari yangu haizimake." Mzee mmoja, mwenye busara kuliko sisi wote, akasema, basi liwashwe tulisikie.

Waliiwasha. Mimi nilifungua boneti, nikainama ndani kama fundi anayesikiliza. Injini ikalia, haikuzima. Wazee wakatikisa vichwa, wakamtazama Kakule. Na mkono wangu wa kulia ulikuwa kule chini, Masika. Kidole changu kilikuwa kimeuvuta na kuushikilia waya wa mafuta, ili injini isizime.

Nimeliandika. Sikujua kama ningeweza.

Sijui nikueleze vipi jinsi mtu anavyoweza kufanya kitu kama hicho na bado akala, akalala, akaenda kupokea komunyo. Nilijiambia kwamba ni risasi zilizoiharibu injini. Nilijiambia kwamba hata kama ilikuwa inazima, shoferi mwenye akili angefanya vingine. Kila mwaka nikaongeza tofali juu ya uongo ule, mpaka nikawa nauamini. Nyani haoni kundule, ndivyo tunavyosema, tunacheka. Mimi nilikuwa nalijua langu. Nililifunika na turubai.

Kakule alihamia Beni, mtaa wa Beu. Anatengeneza baiskeli kando ya soko. Hajashika usukani tena. Mwaka jana alikutumia pampu ya baiskeli, zawadi ya kufaulu kwako, nami nikairudisha na mtu yule yule aliyeileta. Wewe ulilia, nikakwambia kuna watu hawastahili kushukuriwa. Uliniheshimu ukanyamaza. Ninapokumbuka ulivyonyamaza ndipo napigwa tena upya, maana uliniamini.

Kwa hiyo utaona kwa nini asubuhi, ulipoinua kile kipande na kucheka, mimi sikuweza kucheka. Miaka minne nilidhani ushahidi umeoza. Ulikuwa umekaa pale chini ya bolti, na jina la sabuni linasomeka vizuri. Na aliyekuja kuutoa si askari wala hakimu. Ni wewe, na kitenge cha mama yako begani, siku moja kabla ya kuondoka.

Usijilaumu kwa kucheka kwako. Naogopa utajilaumu, nakujua. Ulicheka kama fundi anayeona kazi mbovu, na kazi ilikuwa mbovu.

Nilitaka nikuachie mausia kama wazazi wengine. Nimekaa hapa saa nzima natafuta, na kila nikipatacho kimetoka kwako. Gari likiugua baada ya kuguswa, anzia pale lilipoguswa. Mimi nilianzia kila mahali pengine: kwenye carburateur, kwenye plagi, kwenye mguu wa ndugu yangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nilikuwa nawaambia vijana wa garage kila siku, nikiona fundi mwenzangu anaahirisha kazi. Lakini ufa wangu haukuwa pale tu kwenye joint. Ulikuwa kwenye ile dakika niliyoshindwa kusema, "Kakule, sijui." Maneno mawili. Angeegesha gari, mama yako angerudi Butembo na lori la watu.

Huko unakokwenda watakusifu, kwa kuwa masikio yako ni mazuri. Siku itafika hutajua jibu na watu wamesimama wanangoja. Sikuombi usikosee. Ninaomba ukumbuke baba yako siku hiyo, na kidole chake.

Sasa sikiliza nilichofanya baada ya kushika ule ukuta. Nilikwenda sokoni kwa miguu, nikapata joint nzima, mpya, ya kweli. Wakati wewe na shangazi yako mlipokuwa mnaaga majirani, niliifunga. Silencieux ya mama yako nimeichomelea vizuri, si waya tena. Pikapu iko hapa mbele yangu, inanguruma ninapoandika. Nimeweka kikombe cha chai juu ya boneti yake na chai haimwagiki. Hata wewe hapo dirishani hujageuka, kwa sababu hakuna cha kusikia.

Barua hii naiweka juu ya sanduku lako kabla ya chakula, ili uwe na muda. Kesho saa kumi na mbili asubuhi lori la wafanyabiashara linaondoka kwenda Beni, na nafasi yako ipo. Ukisha kusoma, kama hutaki kukaa kando yangu, nitabeba sanduku lako mpaka kwenye lori, nitalifunga kwa kamba, na sitakuuliza kitu. Una haki hiyo, na sitakuwa na kinyongo. Mimi kwa vyovyote nitaondoka na pikapu saa hiyo hiyo, nyuma yenu.

Kama utakubali, basi njoo ukae mahali alipokaa mama yako. Mlango nimeunyoosha, ila tundu bado linaonekana. Tutafika kwenye kamba. Nitapunguza toka mbali, nitasimama, nitaweka mikono juu ya usukani na kutoa mguu, na tutakaa pamoja tukisikiliza injini ikijishikilia yenyewe. Naogopa dakika hiyo kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Lakini Kakule aliipitia peke yake na gari langu bovu, kwa hiyo na mimi nitaipitia.

Halafu Beu. Kipande cha kartoni kiko mfukoni mwangu wa shati, nimekifunga kwa karatasi. Wazee wa ukoo nitawaita nikirudi, wote, uwanjani hapa hapa, na boneti itakuwa wazi na mikono yangu mfukoni. Lakini yeye lazima asikie wa kwanza. Sijui kama atanipa kiti. Sijui kama atainua kichwa kutoka kwenye baiskeli yake. Nimekuwa natunga hotuba tangu mchana, nikaifuta yote, kwa sababu kuna neno moja tu analolingoja miaka minne, na ni lake mwenyewe, mimi nilimnyang'anya mbele ya watu. Nitamrudishia kama alivyolisema.

Kakule, ilikuwa inazima.

Baba yako